Kuchagua mapaneli ya bodi ya Land Rover na Land Cruiser za zamani ukiwa hapa Dar

Wakuu, naona siku hizi watu wengi wanaamsha Land Rover za wazee na Land Cruiser za zamani zilizokuwa zimelala uani miaka na miaka, na tangu lile tamasha la Land Rover pale Arusha mwezi wa kumi 2024 ndo kabisa, kila mtu anaulizia spea. Mi nafurahi sana kuona hivyo. Ila kitu kinachoua hizi kazi kuliko hata injini ni bodi, injini ikizingua hapa mjini mafundi wapo na spea zinapatikana, lakini ukinunua paneli ambayo siyo ya gari yako utakata, utagonga, utachomelea, utajaza puti (ule ujiuji mzito wa kuziba mabonde kabla ya rangi), na mwisho wa siku mlango bado unafunga kwa kuubamiza. Kwa hiyo hapa naongelea mapaneli tu, ipi ununue mpya, ipi utafute mtumba, ipi ukunjiwe bati hapa hapa Dar, na ipi uiache ilivyo hata kama imebonyea.

Cha kwanza na cha muhimu kuliko vyote, usitoe hela ya paneli hata moja kabla hujapima gari yako na kujua chuma cha chini kikoje. Watu wengi wanaanza na boneti na fenda kwa sababu ndo vinavyoonekana barabarani, sasa unakuta mtu ana fenda mpya nzuri kabisa zimeegemea ukutani lakini chesisi imeoza na ule ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, balkhedi, umeshuka upande mmoja. Hizo fenda zitakaa wapi? Fenda inafungwa kwenye balkhedi, mlango unaning'inia kwenye balkhedi, kioo cha mbele kinakaa juu ya balkhedi. Ukinyoosha balkhedi baada ya kununua vitu vingine, vipimo vyote vinahama na pesa yako imekwenda.

Jua gari yako ni ya lini na ya aina gani

Hapa ndo watu wanapigwa sana, na mara nyingi muuzaji hana nia mbaya, ye mwenyewe hajui. Kwake Land Rover ni Land Rover. Lakini Land Rover ilianza 1948 na ile Series I ina ubavu ulionyooka chwaa, ikaja Series II mwaka 1958 yenye ubavu uliotuna kidogo chini ya mstari wa dirisha, halafu IIA kuanzia 1961, halafu Series III kuanzia 1971 mpaka 1985. Katikati hapo kukawa na mabadiliko mengi ambayo kwa macho ya haraka huyaoni. Taa za mbele kwa mfano, kwenye II na IIA za mwanzo zinakaa katikati pembeni ya shoo (ile sehemu ya mbele yenye wavu wa kupitisha hewa), kuelekea mwisho wa miaka ya 60 zikahamia kwenye fenda. Kwa hiyo fenda ya Series III haina uso sawa na fenda ya IIA ya mwaka 1964, ukiifunga inakaa ndiyo, ila sasa una matundu ya taa pasipo na taa na paneli ya shoo nayo lazima ubadili. Series III ina shoo ya plastiki, zilizotangulia zina wavu wa chuma. Bawaba za milango za II na IIA zimetokeza nje, za III zimelala zaidi. Hata ile paneli ya chini ya mlango, sili, kuna ya kina kirefu ya gari za mwanzo na ya kina kifupi kuanzia IIA za mwisho na III. Nimeona watu wanaagiza sili nzuri toka Uingereza halafu inaning'inia chini kama sketi, kumbe ni ya gari nyingine.

Habari nzuri ni kwamba 88 na 109 zenye injini ya silinda nne zinashea vitu vingi vya mbele, yaani boneti, fenda na shoo, hizo namba ni urefu kati ya ekseli mbili kwa inchi na tofauti kubwa iko nyuma. Kwa hiyo ukipata 88 inachinjwa huko Temeke au Tabata usiipite eti kwa sababu we una 109, ya mbele chukua, bodi ya nyuma ndo waachie. Ila angalia sana ile 109 ya V8 iliyoanza 1979, shoo yake imesogezwa mbele na boneti ni ndefu, haiingiliani na zingine. Na 110 iliyokuja 1983 ni hadithi nyingine kabisa, uso wake umenyooka mbele na upana umeongezeka, usidanganywe kwamba "bosi itakaa tu, tunaifanyia maarifa". Ukishasikia neno maarifa kwenye paneli, rudisha hela mfukoni.

Boneti nayo kuna ya kawaida yenye ncha iliyonyooka na kuna ya diluksi ambayo ukingo wake wa mbele umeviringishwa kwenda chini. Zote zinafunga. Kama unataka tairi la akiba likae juu ya boneti tafuta ile iliyotengenezewa kubeba tairi, kwa chini ina mbavu za kuimarisha, usichukue boneti ya kawaida ukatoboa ukaweka tairi maana zile barabara zetu za vumbi zitaipasua.

Upande wa Land Cruiser, zile za 40 zilizotengenezwa kuanzia 1960 mpaka 1984, bodi ni chuma karibu yote isipokuwa topu ya juu ambayo ni faiba. Nazo zina mageuzi yake. Kuna zenye mlango wa nyuma unaofunguka juu na chini, na kuna zenye milango miwili ya kufungua pembeni kama ambulensi, kona za nyuma za bodi hazifanani. Mabadiliko ya 1979 yalihamisha tanki la mafuta kutoka chini ya kiti cha mbele kwenda nyuma chini ya gari, kwa hiyo tundu la kujazia mafuta kwenye paneli ya ubavuni haliko sehemu moja. Na fremu ya taa za mbele ilibadilika kutoka mviringo kwenda pembe pembe. Ukiagiza paneli ya ubavu sema mwaka na mwezi kama unaujua, tuma picha ya upande wa mafuta, tuma picha ya mlango wa nyuma.

Halafu jambo la usukani. Mapaneli mengi mapya ya Land Cruiser 40 yanatengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani ambako usukani uko kushoto. Fenda na boneti sawa, lakini bodi nzima au ukuta wa injini unakuja na matundu ya usukani na pedeli upande ambao siyo wetu. Uliza kabla, na usikubali jibu la mdomo, omba picha ya ukuta wa injini.

Paneli ya zamani orijino, kopi mpya, au bati la Dar

Msimamo wangu: orijino iliyobonyea ni bora kuliko kopi mpya iliyonyooka, ilimradi haijaoza. Najua watu wengi hawakubali, mpya inang'aa na inakuja na stika. Lakini orijino inajua matundu yake yako wapi, mikunjo yake inalingana na jirani yake, na unene wake ndo ule ule wa kiwandani. Kubonyea kunanyooshwa. Tundu la bolti lililokaa milimita 8 pembeni kwenye kopi halinyooshwi, utalirefusha kwa faili na kutoboa upya na kila unapotoboa upya unafungua mlango wa kutu.

Na kwa Land Rover kuna sababu ya ziada. Baada ya vita vya pili vya dunia chuma kilikuwa cha mgao Uingereza, ndo maana Rover wakatumia alumini kwa mapaneli, ile waliyoiita Birmabright, alumini iliyochanganywa na magnesiamu. Ni imara na haili kutu nyekundu. Sasa hapa kwetu alumini chakavu inauzwa kwa kilo na inakwenda kuyeyushwa, sufuria nyingi tunazopikia zimetoka huko, kwa hiyo mapaneli ya Land Rover yanapotea kila siku kwenye vituo vya skrepa. Kama una nafasi nyumbani na umekuta fenda au mlango wa 109 kwa bei ya kilo, nunua hata kama huhitaji leo. Jenga urafiki na wale vijana wa skrepa, waambie wakiona paneli ya Land Rover wakupigie kabla hawajaikunja kwa mguu.

Kopi mpya zinafaa wapi? Zinafaa kwenye vipande vya kurekebishia ambavyo vitachomelewa ndani ya kitu kingine, mfano sehemu ya kukanyagia miguu kwenye balkhedi, sehemu ya chini ya nguzo ya mlango, kona za nyuma za Land Cruiser, chini ya milango. Hivyo ni vidogo, unaweza kuvipunguza na kuvitengeneza vikae. Mi huwa nashauri ununue kipande kikubwa kidogo kuliko unachohitaji, ukate mpaka ufike kwenye chuma kizima kinachong'aa, siyo kwenye chuma chenye madoa madoa, maana kutu iliyobaki chini ya kichomeleo itarudi na hela yako.

Bati la hapa Dar sasa. Watu wanalidharau na wanakosea sana. Land Rover ilibuniwa kwa mikunjo rahisi kwa sehemu kubwa, na vitu kama sakafu, boksi la viti, kifuniko cha giaboksi, sili, na ubavu wa bodi ya nyuma ni mikunjo iliyonyooka, mafundi wa bati wa Gerezani au Keko wenye mashine ya kukunja wanakutolea kazi safi ukiwapelekea sampuli na vipimo. Wanachoshindwa siyo kwa kukosa ujuzi bali kwa kukosa umbo la kukandamizia ni vitu vyenye mviringo pande mbili, yaani juu ya fenda, kona za boneti ya diluksi, fremu ya kioo. Hivyo tafuta orijino.

Ukimpelekea fundi kazi usimwambie geji tu. Sisi tumezoea geji za bati la nyumba, 28, 30, 32, na unajua namba ikipanda bati linazidi kuwa jepesi. Bodi ya gari iko kwenye namba za chini, geji 18 ni kama milimita 1.2 na geji 20 ni kama milimita 0.9, lakini dukani utaambiwa 18 na ukipima unakuta ni chini ya hapo, kwa hiyo beba venia yako (kile kipimo cha kubana cha unene), pima paneli yako orijino sehemu isiyo na rangi, andika kwa milimita, na pima bati kabla halijakatwa. Kwa alumini omba ile yenye magnesiamu, kwa namba za kiwandani 5251 ndo mrithi wa ile ya zamani na 5052 iko karibu nayo. Alumini laini tupu inakunjika vizuri lakini ukiegemea fenda umeacha alama ya kiwiko. Na usikunje kwa pembe kali sana, alumini inapasuka kwenye mkunjo, mwambie fundi aache mviringo kidogo.

Namna ya kukagua paneli ya mtumba

Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, tochi, futi, venia na sarafu. Paneli iliyofunguliwa, geuza, angalia mgongo kabla ya uso. Usoni kuna rangi na puti, mgongoni hakuna mtu anayehangaika kupaka, kwa hiyo huko ndo kwenye ukweli. Ukiona mabonde na alama za nyundo mgongoni na usoni ni laini kama kioo, ujue hapo kuna puti nene.

Kwa Land Cruiser sumaku inasema yote, ipitishe taratibu kona za nyuma, juu ya matairi, chini ya milango, kwenye mfereji wa maji wa topu, chini ya kioo cha mbele. Inapoacha kushika kuna puti au faiba. Kwa Land Rover ni kinyume, alumini haishikwi na sumaku, kwa hiyo ikishika kwenye fenda au ubavu ujue mtu alishaweka bati la chuma huko nyuma. Siyo mwisho wa dunia ila bei ishuke, maana utakuja kuitoa tu. Puti juu ya alumini unaitafuta kwa sarafu, gonga gonga, alumini inalia, puti inatoa sauti nzito iliyokufa.

Kutu ya alumini ni nyeupe, unga unga, inaanza kwa malengelenge chini ya rangi, hasa pale alumini inapogusa chuma. Milango ya Land Rover ndo mfano mzuri, ngozi ni alumini lakini fremu ya ndani ni chuma, na chini kabisa pale ngozi inapokunjwa juu ya fremu maji yanakaa. Bonyeza chini ya mlango kwa kidole gumba pande zote. Ukisikia inavunjika vunjika kama biskuti basi fremu imekwisha, unaweza kununua kwa ajili ya ngozi tu au vitasa lakini siyo kama mlango. Angalia pia mipasuko midogo kuzunguka matundu ya bolti na pale walipopiga spoti (kuchomelea kwa vidoti), na bonyeza katikati ya paneli kwa kiganja, ikiingia na kutoka kwa mlio wa "tok" maana yake imevutika, kuinyoosha inahitaji fundi anayejua kweli.

Fundi anayejua alumini anajulikana kwa swali moja, muulize anailainisha vipi kabla ya kuigonga. Alumini iliyogongwa inakakamaa, ukiendelea kugonga inapasuka, kwa hiyo lazima ipashwe moto ilainike kwanza, na tatizo ni kwamba haibadiliki kuwa nyekundu kama chuma, inayeyuka ghafla ukiwa unaitazama. Wanaojua wanapaka sabuni ya mche, wanapasha kwa upande wa pili taratibu mpaka sabuni iwe nyeusi, wanaondoa moto, wanaacha ipoe, ndo wanagonga. Akikwambia "tunagonga tu bosi" mshukuru, nenda kwa mwingine. Na kuchomelea ni agoni, ile mashine ya tigi, siyo ile ya vijiti ya mageti. Halafu asitumie diski ya grainda iliyotoka kusaga chuma, vumbi la chuma linazama kwenye alumini na baada ya miezi rangi inaanza kufumka.

Chumvi yetu

Hii sehemu mtu wa Dodoma anaweza kuiruka, mtu wa Dar hapana. Tunaishi na hewa ya bahari, ukikaa Msasani, Mbezi Beach, Kigamboni au ukivuka na kivuko kila siku gari yako inaoga chumvi bila kugusa maji. Alumini na chuma vikigusana na kukiwa na maji ya chumvi katikati, moja inailia nyingine, na inayoliwa ni alumini. Kwa hiyo unapochagua paneli chagua na namna itakavyofungwa. Kila mahali alumini inapokaa juu ya chuma weka kizuizi, prima ya epoksi pande zote mbili ikauke vizuri, halafu mastiki ya poliuretheni au utepe mzito kati yake, na woshea za nailoni kwenye bolti. Bolti za stenlesi zinapendeza na kila mtu anazitaka ila zikigusa alumini tupu kwenye chumvi alumini inaliwa kuzunguka tundu, kama unazitumia basi ni lazima woshea na mastiki. Alumini tupu haishiki rangi ya kawaida, inahitaji prima yenye asidi au epoksi, ukiona fundi anapuliza rangi moja kwa moja mwambie asimame.

Hii ndo sababu nyingine siwapendi watu wanaobadili mapaneli ya Land Rover kwa bati la chuma eti ni rahisi. Ni rahisi leo. Sehemu ile ya pwani chuma chembamba kitaanza kutoboka kwenye kona, na pale kinapogusana na alumini iliyobaki kitaila pia.

Land Cruiser ni chuma na chuma kwa hiyo vita yake ni maji kukaa. Hakikisha paneli unayonunua au kutengenezewa ina matundu ya kutolea maji chini, kopi nyingi hazina, na sili zilizokunjwa mtaani zinafungwa kabisa kama boksi, masika ikija na yale maji ya Jangwani yanaingia na hayatoki. Toboa kabla ya rangi, siyo baada. Ndani ya mabomba na sili pulizia nta ya kuzuia kutu, na ile tabia ya kupaka oili chafu chini ya gari iacheni jamani, inaharibu mipira na inabeba mchanga.

Kuagiza nje

Mapaneli makubwa ni mepesi lakini yanakula nafasi, na kwenye meli mzigo kama huu unalipia ujazo, kwa hiyo fenda mbili zinaweza kukugharimu usafiri mkubwa kuliko bei yake. Mi naona busara ni kuagiza vitu vidogo ambavyo hapa havipatikani, bawaba, zile kapingi za chuma zenye zinki za pembeni ya bodi, vipande vya balkhedi, raba za milango, na mikubwa uitafute hapa au ukunjiwe. Ukilazimika kuagiza kikubwa jiunge na wenzako mnaotaka mjaze kreti moja ya mbao, siyo boksi la karatasi, kona ndo zinaumia bandarini. Omba ankara yenye maelezo ya kila kitu na thamani yake halisi, wakala wako wa forodha akuhesabie ushuru kabla mzigo haujapakiwa, siyo ukifika. Na kabla ya kulipa muuzaji akupigie picha paneli yenyewe na futi ikiwa imelazwa juu yake, ulinganishe na yako.

Kujaribisha kabla ya rangi

Utaratibu wa kufunga ndo unakuambia kama umechagua vizuri. Chesisi kwanza, hasa ile mikono inayotoka pembeni kushika balkhedi, ikiwa imeoza balkhedi inashuka na mlango unagonga chini. Pima pembe kwa pembe kwenye tundu la mlango, kushoto na kulia, vipimo vilingane. Kisha balkhedi ikiwa imefungwa kwa bolti lakini haijachomelewa mwisho, ning'iniza mlango wako mwenyewe orijino, siyo wa kopi, ufungue na kufunga. Mlango ukikaa sawa, weka bodi ya nyuma na uangalie mlango tena. Ndipo fenda, ndipo shoo, boneti mwisho. Vyote vikavu, bila rangi, bolti za vidole. Gari ikae juu ya matairi yake siyo juu ya jeki, maana chesisi ikining'inia inapinda kidogo na mianya yote inadanganya. Land Rover haijawahi kuwa na mianya ya kunyooka kama gari za sasa, usihangaike kuitafuta, ila mlango ufunge kwa mkono mmoja na boneti isiguse fenda.

Kibati cha utambulisho kwenye balkhedi usikitupe ukibadili vipande, na namba iliyogongwa kwenye chesisi usiiguse kwa grainda hata kama pameliwa na kutu, piga picha kabla ya kazi yoyote. Ukibadili rangi ya gari nenda TRA kadi ibadilishwe, trafiki akisimamisha gari ya kijani na kadi inasema nyeupe huna hoja.

Mapaneli ya zamani uliyotoa usiyapeleke skrepa mapema, hata yaliyooza, ndo sampuli ya kila tundu na kila mkunjo. Yaweke mpaka gari imefungwa yote, umeimwagia maji ya mpira wa bustani juu ya kioo, milango na topu kwa dakika kumi nzima, umeinua kapeti na kupapasa sakafu kwa mkono na kukuta ni kavu.